Miastenia Ikija na Mwenzake
Mhadhara kwa wauguzi na maafisa wa kliniki, Kisumu

Hamjambo, nyote wa Kisumu na mliotoka Siaya, Vihiga na Homa Bay.

Tuseme mama amefika kliniki. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda ilhali anakula. Mnasema thairoidi, tezi ya shingoni, imezidi, na ni sawa. Lakini kope moja imeshuka, na jioni inashuka zaidi. Thairoidi ikizidi, kope huvutika juu, macho yakatoka. Kope ikishuka, mtafutieni miastenia gravis, ambapo kingamwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, kwenye msuli, amri ya neva isipokelewe vizuri. Magonjwa ya thairoidi ndiyo huandamana nayo zaidi. Lupasi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe, na baridi yabisi pia hutokea.

Kipimo cha kuanzia ni barafu. Itieni kwenye glavu, muifunge kitambaa, muiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2. Pimeni kwa rula kabla na baada: kope ikipanda milimita 2 au zaidi, shuku inapata nguvu. Isipopanda, msimwondolee shuku.

Shida kubwa huja kwenye dawa. Propranololi inayotuliza moyo wa thairoidi yaweza kulegeza misuli. Haidroksiklorokwini ya lupasi nayo ifuatiliwe kwa karibu. Prednisoloni tunaihitaji kwa lupasi na kwa miastenia, ila kipimo kikubwa cha ghafla chaweza kumdhoofisha mgonjwa wiki 1 au 2 za kwanza. Kwa asiyelazwa, wengi huanza na miligramu 10 hadi 20 na kupandisha polepole. Na huku kwetu kando ya ziwa, malaria haikosi: kwinini asipewe. Malaria ya kawaida, artemeta na lumefantrini. Iliyo kali, sindano ya atesunati. Siprofloksasini, azithromaisini, jentamisini na magnesiamu ya mshipani ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada la faili kama dawa za kuepuka.

Dalili pia hukopeshana. Mgonjwa anaharisha: ni thairoidi, au ni piridostigmini, dawa ya miastenia, imezidi? Mtazameni mate na jasho. Yakimtoka kwa wingi, na tumbo likimsokota, ipunguzeni dawa kwanza. Anashindwa kuinuka kwenye kiti lakini macho, kumeza na sauti viko sawa, na udhaifu haubadiliki asubuhi hadi jioni: huenda ni misuli iliyoliwa na prednisoloni, au thairoidi yenyewe. Kumwongezea piridostigmini hapo ni kumwongezea maharisho tu.

Kila anapokuja, avute pumzi kamili mara moja, kisha ahesabu kwa sauti, namba mbili kwa sekunde. Mzima hufika karibu 50. Asipofika 20, apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hata kama kipimo cha oksijeni cha kidole kinasoma 97. Oksijeni ya damu hushuka mwishoni, misuli ya kifua ikiwa imeshachoka.