Vali ya shawa: kilichozikwa ukutani

ZAINA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zaina, na kaka yangu Musa yuko hapa, fundi bomba wa siku nyingi. Leo ni vali ya shawa, kaka, na naomba nianze na ukuta wangu mwenyewe.

MUSA: Anza, dada. Nakusikiliza.

ZAINA: Nilinunua vali kwa sababu ya mpini wake. Mweusi, umenyooka, unapendeza. Haikumaliza miaka miwili ikaanza kudondosha usiku kucha. Fundi akafungua, akaniambia katriji imekwisha, nikamnunulie nyingine. Nikazunguka na ile ya zamani mkononi, duka kwa duka, sikupata. Yule aliyeniuzia akasema toleo lile halitengenezwi tena. Basi vigae vikavunjwa, vali nzima ikang'olewa. Na vigae vya rangi ile navyo vilikuwa vimekwisha madukani.

MUSA: Pole sana. Kisa hicho nakikuta kila mara, na chanzo chake ni kimoja: mtu anachagua mpini. Mpini na lile sahani linalofunika ukuta ni mavazi tu. Vali yenyewe ni kile chuma kilichozikwa nyuma ya vigae, na ndani yake kuna katriji inayofungua na kuchanganya maji. Vitu hivi vitatu havizeeki pamoja. Mwili wa brasi nzuri hukaa miongo. Katriji lazima ichakae, haijalishi umenunua ya nani. Kwa hiyo dukani mimi huanza na ombi moja: naomba unionyeshe katriji ya akiba ya vali hii.

ZAINA: Kabla hata ya bei?

MUSA: Kabla ya bei. Akiitoa rafuni, tunaendelea kuzungumza. Akisema "haitaharibika hii", naondoka. Halafu nanunua vali na katriji ya pili siku hiyohiyo, naiweka pamoja na karatasi ya maelekezo yenye namba ya toleo. Na nikiwa na hiari, nachagua miksa ya mpini mmoja, yaani vali inayochanganya moto na baridi kwa mpini huohuo, inayotumia katriji ya kipimo cha kawaida, kipenyo cha milimita 35 au 40. Hizo hutengenezwa na viwanda vingi. Lakini kipenyo peke yake hakitoshi: tazama urefu, matundu ya chini na idadi ya meno pale mpini unaposhika. Ukienda dukani, beba ya zamani mkononi. Picha ya simu haipimi milimita.

ZAINA: Mwenye shawa inayodondosha leo, lakini, atajuaje kama anahitaji vali mpya au katriji tu?

MUSA: Mara nyingi vali haina kosa. Kama ni ile ya zamani ya koki mbili, ya moto na ya baridi, kinachokwisha ni washa ya mpira. Unabadilisha, basi. Ukibadilisha ikadondosha tena baada ya muda mfupi, chungulia ndani: kile kiti cha brasi ambacho washa inakikalia kimelika. Kuna kifaa cha kukisugua kikasawazika, na fundi wengi wanacho. Vali ya kung'olewa ni yenye ufa, inayovujisha ndani ya ukuta, isiyopatikana vipuri, au ambayo brasi yake imeoza.

ZAINA: Brasi inaoza?

MUSA: Inaoza. Brasi ni shaba na zinki. Maji mengine hunyonya zinki taratibu, inabaki shaba yenye vitundu kama sifongo. Utaona mabaka mekundu na unga mweupe kwenye maungio. Ukiikaza na spana inavunjika. Kama maji yenu yana tabia hiyo, tafuteni vali iliyoandikwa DZR au CR. Hiyo ni brasi iliyotengenezwa kustahimili. Na hapa nisahihishe jambo moja. Watu hubeba sumaku dukani, ikikataa kushika wanasema hii ni brasi. Sumaku haishiki zinki pia! Itakukinga na chuma kilichopakwa kromu, basi. Uzito utakusaidia zaidi: kwa umbo lilelile, brasi ni nzito kuliko aloi ya zinki, na plastiki utaijua mara moja.

ZAINA: Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha raha. Mtoto yuko chini ya shawa, mtu jikoni anafungua maji ya baridi, na bafuni maji yanageuka moto ghafla. Nimesikia ukelele huo nyumbani kwangu. Sitaki kuusikia tena.

MUSA: Hapo tusipite haraka. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inawahi zaidi. Na nyuzi 60 ndizo watu wengi wanashauriwa kuweka kwenye hita ya tangi, ili bakteria wa legionela, wale wanaoleta homa ya mapafu, wasizaliane humo. Kwa hiyo usiseme utashusha hita na mambo yamekwisha. Maji ya moto yatakuwepo, na kati yake na mwili wa mtoto imesimama vali.

ZAINA: Na miksa ya kawaida haimkingi?

MUSA: Yenyewe inachanganya tu. Baridi ikipungua kwenye bomba, mchanganyiko unakuwa wa moto. Nyingi zina kipete ndani cha kuzuia mpini usifike mwisho wa moto, na nawasihi mkiweke, lakini hakijui kilichotokea jikoni. Kinga ni za aina mbili. Ya kwanza ni vali ya kusawazisha presha. Ndani ina pistoni: baridi ikidhoofika, pistoni inabana njia ya moto pia. Maji yanapungua nguvu, joto halirukiruki. Ila haipimi joto. Hita ikizidi kuchemka, nayo inakuletea maji ya moto zaidi.

ZAINA: Ya pili?

MUSA: Vali ya thamostati. Hiyo inahisi joto lenyewe. Ndani kuna kikopo cha nta, maji yakipata moto nta inatanuka, inasukuma na kubana njia ya moto. Nyingi zina kitufe cha kusimamia kwenye nyuzi 38, usiyoweza kuipita bila kukibonyeza. Kwa nyumba yenye watoto, wazee, au mtu ambaye ngozi yake haihisi vizuri, mimi sichagui nyingine. Tafuta alama za viwango: Ulaya ni EN 1111, Marekani ni ASSE 1016. Na siku ya kufunga, ijaribu. Fungua shawa ipate joto, toa mkono, kisha mwambie mtu afunge baridi inayoingia kwenye vali. Maji lazima yakatike au yabaki matone ndani ya sekunde chache. Yakiendelea kumwagika ya moto, usiipokee hiyo kazi.

ZAINA: Kumbe hata historia ya miksa ya mpini mmoja ilianza na kuungua. Al Moen, mwanafunzi Mmarekani, mwaka 1937 alifungua bomba la koki mbili maji yakamchoma mikono, akaanza kuchora bomba la mpini mmoja. Lilianza kuuzwa 1947.

MUSA: Miaka 10 kwa sababu ya mikono iliyoungua. Namwelewa.

ZAINA: Kwa nini basi kila nyumba isifunge thamostati?

MUSA: Presha. Hapa ndipo watu wanapopoteza vali nzuri. Tangi likiwa juu, kila mita 10 za kimo hukupa baa 1, baa ni kipimo cha presha. Tangi la darini lililo mita 2 juu ya kichwa cha shawa linakupa baa 0.2 tu. Vali nyingi za thamostati zinataka baa 0.5 au 1 ndipo zifanye kazi. Ukiifunga hapo, maji yanatiririka kama machozi, kisha unailaumu vali. Zipo zilizotengenezwa kwa presha ndogo, soma karatasi yake. Kama presha yako ni hafifu kabisa na huna pampu, koki mbili zenye njia pana zitakupa maji mengi kuliko miksa ya kisasa.

ZAINA: Na kama baridi inatoka bomba kuu kwa nguvu, moto unatoka tangini kwa unyonge?

MUSA: Baridi itausukuma moto urudi ulikotoka. Weka vali za kuzuia maji kurudi kwenye njia zote mbili, na ikiwezekana zote zilishwe na tangi moja.

ZAINA: Tumalizie kwenye kufunga, kwa sababu vali nzuri huharibiwa siku hiyohiyo.

MUSA: Kweli. Kwanza kina cha vali ndani ya ukuta: vali huja na kifuniko cha plastiki chenye alama za mwisho wa kina na mwanzo wake. Kinapimwa hadi uso wa kigae, siyo uso wa plasta. Kisha safisha mabomba, acha maji yatoke kabla ya kuweka katriji. Punje moja ya mchanga inatosha kuchana diski za kauri zilizo ndani ya katriji. Mpira wa pete, ule unaozuia maji kupenya kwenye maungio, usiupake mafuta ya kujipaka wala grisi ya gari. Pete nyingi ni za mpira wa EPDM, na mafuta hayo huuvimbisha. Tumia grisi ya silikoni. Halafu weka koki za kufungia kwenye njia zote mbili, na kama nyuma ya ukuta kuna kabati, acha kidirisha pale. Siku ya kuvuja utafungua skrubu nne, hutagusa kigae.

ZAINA: Kaka, vali yangu mpya nikiifunga bado shawa inadondosha kidogo. Moyo umeshaanza kwenda mbio.

MUSA: Kwa muda gani?

ZAINA: Dakika chache hivi, kisha inaacha.

MUSA: Hayo ni maji yaliyobaki kwenye bomba la juu na kwenye kichwa cha shawa. Weka kikombe kikavu chini yake nusu saa baada ya kufunga, ukitazame asubuhi. Kikiwa kikavu, lala. Kikiwa na maji, nipigie.