Sababu ilituishia Mutukula, sisi tukafika Kampala

Haya asanteni, kaeni tu. Projekta imegoma kwa hiyo leo hakuna picha, mtanisikiliza hivi hivi. Mada mliyonipa ni kama vita vinaweza kuwa na haki, na mratibu wenu juzi kanipigia ananiambia mwalimu tafadhali usiende Ukraine wala Gaza, kila anayekuja hapa anaenda huko. Nikamwambia mi wala sina nauli ya kufika mbali, naishia Kagera.

Nani anayajua yale maneno matatu ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, alipotangaza vita na Idi Amin wa Uganda? Sababu, nia, uwezo. Naona mikono yote juu, hata nyie wa juzi juzi, na si ajabu maana siku hizi yanatumika mpaka kwenye mpira, timu haijashinda hata mechi moja mtu anaposti sababu tunayo. Mimi leo nataka tukae kwenye hilo neno moja tu. Uwezo ni habari ya wanajeshi, nia kila mtu na yake. Sababu. Ilikuwa sababu ya kufanya nini, na ilikuwa inatufikisha wapi?

Ukiangalia ramani pale juu magharibi ya ziwa, mpaka wetu na Uganda ni mstari umenyooka kama umepigwa rula, na kweli ulipigwa rula, Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 walikubaliana nyuzi 1 kusini ya ikweta basi. Mto Kagera wenyewe hauna habari na rula, unapinda unaingia kwetu halafu unarudi Uganda kumwaga maji ziwani. Kwa hiyo kati ya mto na mstari kuna kipande cha nchi kimebaki ng'ambo, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, na hapo ndo Idi Amin alipopatupia jicho. Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi lake likaingia, Novemba mosi akatangaza kwamba kuanzia sasa mpaka ni mto. Siku chache baadaye daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likalipuliwa.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa ng'ambo huko. Alivuka na watoto wanne na godoro moja, kahawa kaiacha imeanikwa uani, na mpaka leo ukimuuliza habari za vita anaanza na ile kahawa, hatangulizi watu waliokufa, nadhani kwa sababu kahawa inasimulika.

Sasa kule Bukoba mashamba hayatenganishwi na ukuta, yanatenganishwa na mlamula. Ni mmea wa majani marefu, ukiukata unachipua, ukiung'oa kijiji kizima kitajua. Na jina lake limekaa karibu na neno la kuamua kesi, kulamula, Waganda nao wanalo, jaji wao ni omulamuzi. Mzee akiitwa kusuluhisha ugomvi wa shamba hawaambii kwanza shikaneni mikono. Anaenda kuangalia mlamula uko wapi. Akishaona nani kahamisha ndo maneno ya kupatana yanaanza.

Hapo ndo ninapowalaumu OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa zamani. Mabalozi walikuja, marais walipiga simu, wote wakisema jamani ndugu acheni kupigana, kaeni mzungumze. Mwalimu akawajibu semeni kwanza aliyevamia kakosea. Hawakutaka. Na kumbuka hii ni OAU ileile ambayo mwaka 1964 kule Cairo ilipitisha azimio kwamba mipaka tuliyoachiwa na mkoloni tuiheshimu hivyo hivyo na ubovu wake, na waliolisukuma hilo azimio ni sisi wenyewe. Yaani mlamula walishaupanda wote kwa pamoja, ulipong'olewa wakasema hatutaki kuingilia. Huo mimi siuiti usuluhishi, ule ni uoga umevaa suti.

Kwa hiyo kumtoa Amin kwenye kile kipande, sababu tulikuwa nayo na ya kumwaga. Hapo sibishani na mtu.

Lakini subirini kupiga makofi, kuna upande wetu pia. Amin kachukua nchi Januari 1971, Obote, rais aliyempindua, akaja kwetu tukampokea. Septemba 1972 watu wa Obote wakaondoka huku huku kwetu na silaha wakaenda kumpindua wakashindwa vibaya, Amin akajibu kwa ndege, akapiga Bukoba na Mwanza. Siad Barre, rais wa Somalia, akaingilia kati, Oktoba wakasaini makubaliano Mogadishu, majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kila upande, na kila mmoja aache kuwasapoti maadui wa mwenzake. Makubaliano mazuri kabisa kwenye karatasi. Ila Obote akabaki Dar, na Mwalimu akaapa hakai meza moja na muuaji, na hakukaa. Matokeo yake mamlaka ya juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani marais watatu, haikukutana tena tangu Amin ashike nchi. Mwaka 1975 mkutano wa OAU ukafanyika Kampala, Mwalimu akagoma kwenda. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na mpaka wetu na Kenya tukaufunga.

Mwenzangu mmoja tunayefundisha naye akisikia nasema hivi ananuna, anasema unamsema Mwalimu kwa kuwa na msimamo. Simsemi. Amin alikuwa anaua watu wake kwelikweli na kumkatalia mkono ilikuwa heshima kwetu. Nachosema ni kwamba heshima ile ilikuwa na gharama, ilipofika 1978 hapakuwa na meza, wala kikao, wala mtu wa katikati anayeaminika na pande zote. Tukisema diplomasia ilishindwa tunaitazama ile wiki moja ya Novemba, wakati ilishaanza kuoza miaka sita nyuma na hakuna aliyeinusa.

Tuendelee. Januari 1979 jeshi letu limeshawarudisha askari wa Amin kwao, likavuka mstari likachukua Mutukula. Mutukula ilibomolewa nyumba kwa nyumba, hasira ya yale yaliyofanyika kwetu, na raia waliuawa. Mwalimu alipopata habari alikasirika, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Mnaona sababu inavyobadilika rangi? Umbali wa mstari wa rula tu.

Halafu Februari tukawa Masaka, halafu Gaddafi wa Libya, rafiki wa Amin, akatupa saa 24 tuondoke la sivyo anaingia, na aliingia kweli, ndege yake ikaja kupiga Mwanza bomu likaangukia kisiwa cha Saa Nane kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. (Msicheke, mimi nilikuwa Mwanza mtoto, baba katuchimbia handaki nyuma ya choo, tulikaa humo na jogoo ambaye hakuelewa kwamba kuna vita.) Machi mwaka huohuo Waganda waliokuwa uhamishoni wakakusanywa Moshi, siku tatu wakaunda chama na kiongozi, Yusuf Lule. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Lule akakaa siku 68 wakamtoa.

Julai kule Monrovia marais wakatubana, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakasema mmekanyaga katiba ya OAU. Mwalimu alikuwa na jibu lake, kwamba vilikuwa vita viwili, vya Watanzania kulinda nchi yao na vya Waganda kumwondoa dikteta wao, bahati vikaenda pamoja. Jibu zuri, la mwalimu hasa. Ila waulize wapiganaji wetu wa zamani, kule Lukaya ndani ya Uganda walipigana vita vya nani, watakuangalia tu.

Kwa nini hakusema wazi, tunamtoa huyu kwa sababu anaua watu? Kwa sababu mwaka ule hilo halikuwa kosa la kuingiliwa, hakuna kifungu kilichoruhusu. Kifungu kikaja kuandikwa mwaka 2000, Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), Umoja unaweza kuingia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tulichofanya kimyakimya 1979 kikaja kuwa sheria miaka 21 baadaye, ila soma vizuri, sheria inasema Umoja, haisemi jirani. Hiyo tofauti ndo mada yote ya leo.

Gharama mnazijua. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Mama yangu alikuwa anapanga foleni ya sabuni mpaka nikamaliza msingi, na ugali ulikuwa wa njano, unga wa yanga.

Ndiyo dada, wewe mwenye kilemba, uliza. … Anauliza kama ningekuwa mimi ningesimama Mutukula. Swali gumu hilo na nilikuwa naomba lisije. Ningesimama, ningewaita OAU waje waone mlamula kwa macho yao, na kuna uwezekano mkubwa Amin angejipanga akarudi mwaka unaofuata na mngekuwa mnanilaani hapa. Nilimuuliza na shangazi pia, maana aliporudi ng'ambo alikuta nyumba ipo lakini haina paa, mabati yote yamebebwa. Nikamwambia shangazi, wewe unaonaje, tulikuwa na sababu ya kwenda mpaka Kampala? Kaniangalia kama mjinga.

"Si ndiko yalikokwenda mabati yangu?"

Haya, mwingine. Wewe wa nyuma.