Betri imejaa saa tano asubuhi: umeme wa sola unaobaki upashe maji ya kuoga

Karibuni wadau. Leo tupo Arusha, upande wa Ngaramtoni, na mnaoishi huku mnajua maji ya bomba yanavyouma kuanzia Juni mpaka Agosti. Tunafunga hita ya maji inayojiwasha betri ikishajaa na kujizima jua likipungua. Hatuongezi paneli hata moja.

Tazameni kwanza skrini ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani. Dogo, sogeza kamera. Ni saa 6 mchana, jua linawaka, Meru inaonekana mpaka kileleni. Juu ya paa kuna paneli nne za wati 450, jumla wati 1,800. Lakini hapa tunasoma wati 260 tu kutoka kwenye paneli. Wengi wakiona namba kama hii wanampigia fundi simu, wanadhani paneli zimekufa. Hazijafa. Betri imejaa, na ndani ya nyumba kinachotumika ni friji na vitu vidogo vidogo, basi inveta imezibana paneli zitoe kile tu kinachotakiwa. Ule mwingine wote haujazalishwa kabisa, na nyumba hii haiuzi umeme TANESCO, kwa hiyo hakuna pa kuupeleka. Hicho ndicho tunachokitafuta leo.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio la birika. Betri ikiwa imejaa, chomeka birika la umeme lenye maji, hili ni la wati 1,500, halafu rudi haraka kwenye skrini. Mmeona? Paneli zimeruka kutoka 260 mpaka 1,430. Lakini angalieni mshale wa betri: umegeuka, betri nayo inatoa. Nyumba ilikuwa na 260, birika limeongeza 1,500, jumla 1,760, na paneli zimeishia 1,430. Pengo la wati 330 limelipwa na betri. Hita ya wati 1,500 ni kubwa mno kwa paa hili. Ya wati 1,000 inaingia vizuri na inabaki nafasi ya wingu dogo kupita. Rudia jaribio hili saa 4, saa 6, saa 8 na saa 9, uandike namba. Ukipata ziada saa 6 peke yake, saa nyingine hakuna, funga video hii ukanywe chai, mradi huu haujakufikia.

Sasa hita yenyewe. Zile shawa za umeme za kupasha maji papo kwa papo ziweke pembeni. Zinakula kilowati 3.5 mpaka 5.5 kwa wakati mmoja, na inveta nyingi za majumbani ni za kilowati 3 au 5. Utaizima nyumba nzima ukiwa na sabuni kichwani. Tunataka hita ya tanki, ile inayopasha polepole na kutunza. Hii ni ya lita 50. Ilikuja na koili, kile chuma cha ndani kinachopasha maji, ya wati 1,500, tukamwomba muuzaji aibadilishe kwa ya wati 1,000. Maduka ya vifaa vya umeme mjini huwa nazo, lakini nenda na koili ya zamani mkononi, kwa sababu uzi wa kufungia na urefu hutofautiana.

Kama tanki lako lina koili mbili zinazofanana, kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi wanaisahau. Zifunge kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Kila koili inapata nusu ya volti 230, na volti zikiwa nusu nguvu inakuwa robo. Koili mbili za wati 1,500 zikifungwa hivyo zinatoa wati 750 kwa jumla. Kwa paa dogo hiyo ni saizi nzuri sana, na koili zitadumu kwa sababu hazichoki.

Hesabu ya maji ni hii. Kupasha lita 50 kutoka digrii 18 hadi 60 kunahitaji uniti 2.4 hivi. Kwa koili ya kilowati moja ni kama saa mbili na nusu. Ikianza saa 5 na nusu, saa 8 umemaliza. Ukiinunua kazi hiyo kwa LUKU kwa bei ya kawaida, kodi ndani, ni karibu shilingi 350 kwa uniti, yaani kama 850 kwa siku. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, analipa chini ya hapo kwa mbali, na kwake faida iko zaidi kwenye mkaa na siku umeme unapokatika.

Na niseme wazi, maana swali hili huja kila mara: kama huna sola kabisa na shida yako ni maji ya moto tu, usinunue paneli na betri kwa ajili hiyo. Nunua lile tanki la juu ya paa linalopashwa na jua moja kwa moja. Linachukua sehemu kubwa zaidi ya joto la jua kuliko paneli ya umeme, ambayo hugeuza karibu moja ya tano tu. Kazi ya leo ni ya mtu ambaye tayari ana paneli zinazolala mchana.

Tuje kwenye mabomba. Hita imefungwa ukuta wa nyuma ya bafu, karibu kabisa na shawa, ili maji ya moto yasipotelee njiani. Maji baridi yanashuka kutoka kwenye simtank, yanapita kwenye koki, kisha kwenye valvu ya usalama, ndipo yanaingia kwenye tanki. Hiyo valvu msiiondoe, na kamwe msiizibe eti kwa sababu inadondosha. Maji yakipata joto yanatanuka: lita 100 zikitoka digrii 20 mpaka 60 zinaongezeka lita moja na nusu, na lazima zipate pa kutokea. Kudondosha wakati hita inawaka ni kazi yake. Ikidondosha usiku kucha hita ikiwa imezimwa, hapo ndipo umwite fundi bomba. Mpira wake wa kutolea maji uelekeze nje, usielekee kichwani kwa mtu.

Wale ambao simtank yao iko mita tatu tu juu ya shawa, msitegemee maji yenye nguvu. Mita kumi za kimo ndiyo baa moja ya msukumo. Mita tatu ni theluthi ya baa. Tumia bomba nene, kona chache, na kichwa cha shawa chenye matundu makubwa.

Funga sufi ya kuzuia joto kwenye bomba lote la maji ya moto. Ni kazi ya nusu saa na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Sasa umeme, na hapa fundi mwenye leseni ya EWURA ndiye atakayeshika bisibisi. Mimi naeleza ili ujue anachofanya na umkague.

Kutoka kwenye inveta, upande wa umeme unaokwenda nyumbani, tunachukua laini ya hita peke yake. Waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16, na breka ya kuzuia shoti kwa mtu, ile ya miliampea 30. Hita ya wati 1,000 inavuta ampea 4.3 tu, kwa hiyo waya hautapata moto. Waya wa athi uende mpaka kwenye mwili wa tanki, na fundi apime kwa mita kwamba athi ya nyumba inafika ardhini kweli. Maji, umeme na mtu asiye na viatu viko chumba kimoja. Hapa hapana mjadala.

Katikati ya breka na hita tunaweka kontakta, swichi kubwa inayowashwa na umeme mdogo. Kwa nini kontakta? Geuzeni macho chini ya inveta, kuna matundu matatu madogo yaliyoandikwa NC, C na NO. Hiyo ni swichi ya ndani ya inveta, inabadilika kufuatana na hali ya betri. Inveta nyingi zinazouzwa hapa zinayo na hakuna anayeigusa. Lakini mara nyingi inabeba ampea 3 tu. Ukiipitishia hita moja kwa moja utaiunguza. Kwa hiyo swichi hiyo ndogo inawasha koili ya kontakta, si ile ya maji, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo wa hita.

Ni matundu gani mawili utumie? Usibahatishe. Weka mita kwenye mlio wa kupima njia, subiri betri ijae, kisha gusa C na NC, halafu C na NO. Yale yanayolia betri ikiwa imejaa na kunyamaza ikishuka ndiyo yako. Kwenye inveta hii ni C na NC. Yako inaweza kuwa tofauti.

Baadhi ya inveta mpya zina njia ya pili ya kutolea umeme ambayo unaipangia izime betri ikishuka. Ukiwa na hiyo umeshinda, kontakta huihitaji kama njia hiyo inabeba ampea za hita yako.

Mipangilio. Kwa betri za asidi za volti 48, tumeweka swichi iwashe kwenye volti 54 na izime kwenye 51. Msizisogeze namba hizo zikaribiane. Hita ikiwaka tu volti zinashuka kidogo, na kama pengo ni dogo kontakta itawaka na kuzima, tak-tak-tak, mchana kutwa mpaka ife. Wenye betri za lithiamu, achaneni na volti, kwa sababu volti zake hukaa karibu palepale kwa muda mrefu halafu huanguka ghafla. Kama betri na inveta vinaongea kwa kebo, tumieni asilimia: iwake 95, izime 85.

Juu ya hapo tunaongeza taima, kwenye njia ileile ya koili ya kontakta. Inaruhusu kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Kwenye taima utaandika 11:00 na 15:00. Baada ya saa 9 jua lililobaki ni la betri, ili usiku uanze ikiwa imejaa.

Kuna watu mtandaoni wanatoa waya wa paneli moja kwa moja mpaka kwenye koili, bila inveta. Koili yenyewe haijali, itapata moto. Shida ni themostati, ile swichi ya hita inayokata umeme maji yakifika joto ulilopanga. Umeme wa TANESCO unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ya swichi inajizima. Umeme wa paneli haupiti kwenye sifuri. Themostati ya kawaida ikijaribu kuukata, cheche inaendelea kuwaka kati ya vyuma mpaka inavigandisha, na kuanzia hapo hita haizimi tena. Tanki linachemka. Hapa kwetu kwenye mita kama 1,400 maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, na mvuke ndani ya tanki lililofungwa ni jambo la kukimbia. Mimi siifungi njia hiyo nyumbani kwa mtu.

Tunawasha sasa, kwa mpangilio huu. Kwanza fungua koki ya maji baridi. Pili fungua shawa upande wa moto, subiri upepo wote utoke mpaka maji yatiririke bila kukohoa. Tatu funga shawa. Nne ndipo upandishe breka. Koili ikiwashwa kwenye tanki kavu inaungua ndani ya muda mfupi sana, na dukani hawarudishi.

Themostati tumeiweka digrii 60. Chini ya 50 msishushe: maji ya vuguvugu yanayokaa siku nyingi ni makazi ya bakteria, hasa kati ya digrii 20 na 45. Lakini 60 inaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo nyumba yenye watoto au wazee weka valvu ya kuchanganya kabla ya shawa. Mama mwenye nyumba ameuliza kama maji haya yanafaa kupikia ugali. Mama, chota ya baridi upashe jikoni. Na kwa tulio pembezoni mwa Meru, kumbukeni floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya huku, haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inazidi kukolea.

Siku za mawingu ya Julai betri huenda isijae kabla ya saa 8, na hita haitawaka. Kwa siku hizo fundi ametuwekea chenjiova pembeni, swichi ya kuchagua umeme utoke wapi: juu ni sola, chini ni TANESCO, na haiwezekani viwili hivyo vikakutana. Shusha kwa saa mbili, oga, rudisha juu.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, soma asilimia ya betri. Ikiwa imeamka chini kuliko ilivyozoea, rudisha taima izime saa 8 badala ya saa 9. Ikiwa palepale, iache.