Picha Haina Kidole: Kutibu Ngozi kwa Simu
(Mhadhara kwa madaktari, matabibu na wauguzi, Kigoma)

Wenzangu, habari za asubuhi. Poleni na safari, hasa mliodamka usiku kutoka Kakonko na Buhigwe.

Nimeombwa niseme kama ngozi inatibika kwa simu. Nianze kwa kuuliza: nani humu hajawahi kutumiwa picha ya upele kwenye WhatsApp? Naona hakuna mkono. Basi tulishaanza zamani, na tuzungumze namna tunavyoifanya kazi hii.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga kliniki Ulaya na Marekani, mabingwa wengi wa ngozi kule walianza kuona wagonjwa kwa video. Waliopenda walisema inafaa kwa chunusi, na kwa mgonjwa wa pumu ya ngozi anayerudi kuonesha maendeleo. Wengine walilalamika: picha hafifu, na huwezi kugusa. Sisi tuna sababu nyingine ya kuihitaji. Kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mkulima gani ataacha shamba na kulipa nauli hiyo kwa sababu ya baka lisilouma?

Na baka lisilouma ndilo linaloniogopesha. Miaka kadhaa iliyopita nilitumiwa usiku picha ya kijana mvuvi wa dagaa, ana baka limepauka mgongoni. Nikajibu nikiwa nimejilaza: "Mba, mpakeni dawa ya fangasi." Alipokuja mwenyewe baadaye, kidole chake cha mwisho na cha pete vilikuwa vimeanza kujikunja. Ulikuwa ukoma. Dawa zake ni za bure, miezi 6 au 12, na zinaponya. Lakini mshipa wa fahamu ukishaharibika, dawa hizo haziurudishi. Muuguzi aliyenitumia picha alikuwa amekaa naye chumba kimoja. Sikumwomba achukue kipande cha pamba, amwambie kijana afumbe macho, amguse kwenye baka, kisha aoneshe kwa kidole alipoguswa, maana baka la ukoma huwa na ganzi. Sikumwomba apapase nyuma ya kiwiko, unakopita mshipa wa fahamu wa vidole vile viwili. Jambo la dakika mbili. Bado linaniuma.

Kwa hiyo daktari unayepokea picha, uliza kabla ya kujibu. Upele wa kuwasha: nyumbani wangapi wanajikuna usiku? Choa kisicho na ukingo: amepaka krimu gani ya dukani? Zile za kujichubua zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, huficha fangasi hadi sura yake ikapotea. Tena vitabu vingi tulivyosomea vina picha za ngozi nyeupe. Wekundu unaotajwa humo, kwa watu wetu mara nyingi ni zambarau au weusi uliokolea.

Nawe unayepiga picha: toka mlangoni kwenye mwanga wa mchana, zima flashi, moja ya mbali na moja ya karibu, weka rula pembeni. Uso usionekane pasipo sababu. Mwombe ruhusa, na usiitupe picha kwenye kundi la watu mia. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, huyo ni mama wa mtu.

Sasa tokeni nje na simu zenu, wawili wawili, kabla jua halijawa kali. Pamba iko mezani.