Rupertsland: jimbo la mbali na hapana ya mbunge mmoja

Ndugu zangu, habari za jioni. Leo nawapeleka Manitoba, katikati ya Kanada. Nikisema mkoa, msimfikirie mkuu wa mkoa anayeteuliwa na Rais. Mkoa wa kule una bunge lake la viti 57 na waziri kiongozi wake. Nitazungumzia kiti kimoja tu cha bunge hilo, jimbo la Rupertsland, ambalo tangu 2011 linaitwa Keewatinook.

Manitoba ilipozaliwa mwaka 1870 ilikuwa kipande kidogo cha kusini. Mwaka 1912 mpaka ukasogezwa kaskazini, ikaingia nchi ya misitu na maziwa ambayo vijiji vyake vingi hadi leo havina barabara ya mwaka mzima. Unafika kwa ndege ndogo, au unangoja baridi kali ili malori yapite juu ya barafu. Kwa sababu hiyo, zamani kaskazini walipiga kura majuma kadhaa baada ya wenzao, serikali ikiwa imeshajulikana. Mwaka 1922 chama cha wakulima kilishinda kikiwa hakina kiongozi. Wakamchukua John Bracken, mkuu wa chuo cha kilimo, wakampa uwaziri kiongozi, ndipo wakamtafutia kiti jimbo jirani la The Pas, lililokuwa bado halijapiga kura. Akashinda. Nani angemkataa mtu ambaye tayari ameshika hazina?

Hayo tunaweza kuyacheka. Lisilochekesha ni kwamba Wakrii na Waojikrii, wenyeji wa asili wa kule, walioishi chini ya mikataba na Taji la Uingereza hawakuruhusiwa kupiga kura za mkoa hadi 1952, na za taifa hadi 1960. Jimbo lilikuwepo, mbunge alikuwepo, ila wengi wa wenyeji hawakuhusika kumweka wala kumtoa.

Kuanzia 1969 chama cha NDP (New Democratic Party), cha mrengo wa kushoto, kilianza kushinda Rupertsland. Mwaka 1981 kikamsimamisha Elijah Harper, chifu wa kijiji cha Red Sucker Lake, naye akawa mtu wa kwanza wa mikataba kuingia bunge la Manitoba. Baadaye akawa waziri. Lakini siku zake kubwa zilimkuta kwenye viti vya upinzani.

Mwaka 1987 Waziri Mkuu wa Kanada Brian Mulroney na viongozi wa mikoa yote kumi walikubaliana kurekebisha katiba, makubaliano ya Meech Lake. Quebec, mkoa wa wanaozungumza Kifaransa, ingetambuliwa kuwa jamii ya pekee. Wenyeji wa asili hawakupata kitu. Kila bunge la mkoa lilitakiwa kuridhia kabla ya tarehe 23 Juni 1990, na Manitoba ilichelewa mno. Tarehe 12 Juni waziri kiongozi Gary Filmon akaomba hoja iingizwe bila taarifa ya siku mbili inayodaiwa na kanuni. Hilo lilihitaji ridhaa ya kila mbunge aliyekuwa ukumbini. Harper, unyoya wa tai mkononi, akasema hapana. Siku zilizofuata akairudia.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushujaa wa mtu mmoja. Mimi naona hapo wanawapunja wengine. Nyuma yake walikuwepo machifu wa Manitoba, akiwemo Phil Fontaine, na mwanasheria Gord Mackintosh, aliyewahi kuwa naibu katibu wa bunge hilo na aliyezijua kanuni zake ndani nje. Iligundulika hata taarifa ya hoja iliyotolewa na serikali ilikuwa na kasoro. Spika akakubali, siku zikazidi kuyeyuka. Maelfu ya wananchi walikuwa wamejiandikisha kutoa maoni, na walitakiwa kusikilizwa kabla ya kura. Tarehe 22 Juni bunge likaahirishwa bila kura. Mkoa wa Newfoundland nao haukupiga kura, na makubaliano yakafa.

Harper alijiuzulu 1992. Uchaguzi mdogo wa 1993 ukampa kiti Eric Robinson, naye ni Mkrii, akakishikilia hadi 2016 alipoangushwa na Judy Klassen wa chama cha Liberal. Mwaka 2019 Ian Bushie akakirudisha NDP.

Sasa, watu wa kusini hulalamika kwamba jimbo kama hili lina watu wachache. Sheria ya Manitoba inaruhusu majimbo yaliyo kaskazini mwa latitudo ya nyuzi 53 kupishana na wastani wa idadi ya watu kwa asilimia 25. Kusini ni asilimia 10. Mimi naiunga mkono. Mbunge wa mjini Winnipeg anazunguka jimbo lake kwa basi. Wa Keewatinook anakodi ndege, na hali ya hewa ikichafuka analala alikofika. Waliojiandikisha kule pia hujitokeza kwa uchache siku ya kura. Hilo asilimia 25 haiwezi kulitibu, na nadhani maswali yenu yataanzia hapo. Karibuni.