Kabla hujailaumu otofokasi, itazame picha

Haya jamani, mliosimama nyuma sogeeni, nafasi ipo. Nitasema lile lile ninalosema kila siku na sichoki kulisema: picha ya ndege ikitoka na ukungu usikimbilie kwenye menyu kuchokonoa otofokasi, yaani ule mfumo wa kamera kutafuta fokasi yenyewe. Itazame kwanza picha yenyewe. Ifungue kwenye kompyuta, ivute mpaka asilimia 100, halafu utafute kama kuna kitu chochote humo ndani kimetoka shapu.

Kama ndege ana ukungu ila jani la mbele yake limetoka shapu, au gome la mti nyuma yake, hapo sawa, fokasi imekamata kisichotakiwa, tutafika huko. Kama manyoya yamevutika upande mmoja, au jicho liko shapu lakini ncha za mabawa zimefutika, huo ni mtikisiko, otofokasi haihusiki hata chembe, pandisha kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga unapopiga. Ndege anayeruka anza na 1/2000 ya sekunde, mbayuwayu na wenzake panda mpaka 1/3200, na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ikipanda iache ipande, zile chengachenga inazoleta kwenye picha zinasafishika, mtikisiko hausafishiki.

Sasa kuna ugonjwa wa tatu, na huu ndio unaowamalizia watu pesa. Hakuna kitu shapu popote, ukungu hauna mwelekeo, kingo za ndege zimejikunja na kuwa na mawimbi, manyoya yamekuwa kama uji. Hayo ni mazigazi, hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini.

Kuna kijana alinijia amekata tamaa kabisa. Lenzi ya milimita 600, ameshaipeleka kwa fundi, akaambiwa nzima, hakuamini, akaipeleka kwa mwingine, akalipa tena, na alipofika kwangu alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia. Nikamwambia nionyeshe picha. Yangeyange kwenye tope lililokauka, mmoja baada ya mwingine, wote hawana jicho. Nikamuuliza ulipiga saa ngapi? Saa saba mchana. Ndege alikuwa mbali kiasi gani? Akasema kama urefu wa uwanja wa mpira. Nikamwambia funga, usiuze kitu, nenda pale pale kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, setingi zile zile, usiguse hata kitufe kimoja, na msogelee kadiri atakavyokuruhusu. Akarudi na picha unahesabu unyoya mmoja mmoja! Lenzi ile ile, kamera ile ile. Pesa ya mafundi ndiyo haikurudi.

Najua mtu atasema, mbona kwa macho nilimwona safi kabisa? Ulimwona safi kwa sababu jicho lako halivuti. Lenzi ya 600 inakuza mara 12 kuliko ile ya kawaida ya 50, na ule mtetemo wa hewa nao unakuzwa vile vile mara 12. Mwingine atasema kamera yangu mpya inatambua jicho la ndege, kiboksi kilikuwa juu ya jicho muda wote. Ndiyo, kilikuwepo, lakini mwanga umeshapindishwa njiani kabla haujafika kwenye lenzi, sasa kamera ifanyeje? Ni kama kumtazama mtu aliyekaa upande wa pili wa moto. Tripodi haisaidii hapo, lenzi ya bei mbaya haisaidii, shata ya kasi inakamata tu wimbi moja likiwa limesimama, ingawa ukipiga mfululizo unaweza kuokota fremu moja yenye nafuu. Dawa ni kusogea karibu, kuwahi asubuhi, siku ya mawingu, na kukwepa kupiga juu ya lami, mchanga au mabati. Na nyie mnaopigia ndani ya gari jueni hewa ya moto inatoka dirishani hapo hapo mbele ya lenzi yako, zima injini, shusha vioo, subiri joto la ndani lilingane na la nje. Hata asubuhi ya baridi maji yakiwa na uvuguvugu utayakuta mazigazi juu yake, kwa hiyo usiniambie hakukuwa na jua.

Ukitaka kuihukumu kamera kwa haki, bandika gazeti ukutani ndani ya nyumba, kamera kwenye tripodi, zima kitulizi cha mtikisiko, tumia taima, piga. Maandishi yakisomeka vizuri kamera yako nzima, acha kumsumbua fundi.

Naona naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Fokasi iliyokosea kweli: kwanza hakikisha uko kwenye AF-C, modi inayoendelea kufokasi ndege akisogea, Canon wanaita Servo, wengi wanafuata ndege kwa modi ya kufokasi mara moja na kuganda. Ndege akiwa kwenye matawi tumia pointi moja ndogo, eneo pana litakamata kijiti cha mbele. Na kumbukeni kwa lenzi ya 600 tundu lake likiwa f/6.3, ndege akiwa mita 5, sehemu iliyo shapu ni kama sentimita 2 na nusu tu kwa kamera ya fulufremu, yenye sensa (kile kibao kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, ukikamata bega la bawa jicho limeshaachwa. Lenzi ikienda mbele na kurudi bila kukamata, tumia ile swichi ya kuizuia isitafute karibu, na fokasi kwanza kwenye kitu chenye umbali unaokaribiana na wa ndege.

Wenye DSLR, kamera yenye kioo ndani, ambayo sensa ya fokasi iko mbali na sensa ya picha, hizo zinaweza kukosea kila mara mbele au nyuma kwa kiasi kile kile, pigeni lile gazeti kwa kuchungulia kwenye kitundu cha juu halafu kwa skrini, mkiona tofauti kuna marekebisho kwenye menyu. Mirolesi, kamera isiyo na kioo, inafokasi kwa sensa ya picha yenyewe, hilo haliwahusu sana. Telekonvata ya 2x, kile kipande cha kukuza mara mbili kinachokaa kati ya lenzi na kamera, inageuza f/5.6 kuwa f/11, na DSLR nyingi hapo zinagoma kufokasi kabisa, sio mbovu. Hayo mengine ya telekonvata nifuateni nje, na mje na zile picha zilizoharibika, msizifute.