Kabati la Urithi: Kutambua na Kuthamini Samani za Kale za Mashambani

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia samani za kale za mashambani Marekani, zile za karne ya 18 na ya 19: makabati, masanduku ya blanketi, meza na viti ambavyo seremala wa kijijini, au mkulima mwenyewe, alivitengeneza kwa mbao za msonobari zilizokuwa karibu naye, akavipaka rangi na asiandike jina lake popote. Kaka Salim, mtu aliyerithi kabati la namna hiyo aanzie wapi?

SALIM: Aanzie nyuma, dada Rehema. Uso wa mbele ndio ambao kila kizazi kimeusugua, kimeupaka na kuubadilishia vishikio, ilhali mgongo, upande wa chini na ndani ya droo hakuna aliyehangaika kuvipamba, na kwa hiyo ushahidi umebaki huko. Achomoe droo, aigeuze juu chini, kisha apitishe vidole kwenye ubao wake. Randa ya mkono huacha mabonde mapana yenye kina kidogo sana, ambayo kidole huyahisi hata pale jicho lisipoyaona. Mashine, kwa upande wake, huacha ubao laini au vijimawimbi vinavyofuatana kwa umbali ulio sawa.

REHEMA: Na alama za msumeno?

SALIM: Mikwaruzo iliyonyooka hutokana na msumeno unaopanda na kushuka, na mikwaruzo ya upinde hutokana na msumeno wa duara, ambao ulienea katika viwanda vya mbao vya Marekani kuanzia miaka ya 1830. Muuzaji akikuambia kwamba kabati lenye mikwaruzo ya upinde ni la mwaka 1780, ana kazi kubwa ya kujieleza.

REHEMA: Watu wengi hukimbilia misumari.

SALIM: Nao hawakosei, ila waisome kwa utulivu. Msumari uliofuliwa na mhunzi una kichwa chenye nyuso zisizolingana, na mwili wake huchongoka pande zote nne. Kuanzia miaka ya 1790 ilikuja misumari iliyokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba la chuma, ambayo huchongoka pande mbili tu, na hiyo ndiyo iliyotawala kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Misumari ya waya, ya mviringo kama tunayoijua leo, iliishinda kuelekea mwisho wa karne hiyo. Skrubu nazo zina historia yake: zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1840 kwa kawaida zina ncha butu, na zenye kichwa cha msalaba zilianza kutumika katika miaka ya 1930.

REHEMA: Basi nikikuta msumari mmoja wa waya, nilikatie tamaa kabati zima?

SALIM: Hapana, huenda ni ukarabati tu. Tazama mbao zinazouzunguka. Chuma kilichokaa humo kwa vizazi huacha doa jeusi ambalo limezama katika nyuzi za mbao, kwa hiyo msumari wa kale katika tundu safi unatia shaka zaidi kuliko msumari mpya katika tundu la kale. Vilevile mbao husinyaa kukatiza nyuzi, lakini karibu hazisinyai kabisa kwa urefu. Ndiyo maana meza ya duara ya zamani sana, ukiipima kwa futi, hukuonyesha kwamba si duara kamili tena. Ikiwa duara lake halina kasoro hata kidogo, uliza maswali.

REHEMA: Mimi naona jambo linalowaponza warithi wengi ni rangi. Mtu anaona buluu iliyochakaa, ananunua dawa ya kubandua na msasa, na kufikia jioni kabati linang'aa.

SALIM: Na thamani imeondoka na vumbi. Katika samani hizi rangi ya awali mara nyingi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei, kwa sababu kazi ya useremala yenyewe ni ya kawaida tu na vitu vilivyobanduliwa viko tele. Angalia mahali ilipochakaa: iwe imelika karibu na kishikio, kwenye kingo za mlango na mahali miguu ya mtu ilipogonga. Uchakavu uliotapakaa sawasawa kila upande, hata mahali pasipofikiwa na mkono, ni kazi ya mtu aliyetaka kuuza. Tena kuna sababu ya afya. Rangi ya kale inaweza kuwa na risasi (madini yenye sumu), ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978, kwa hiyo kuipiga msasa ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari.

REHEMA: Tuje kwenye fedha. Mrithi anataka kusikia tarakimu.

SALIM: Kwanza aseme anaitaka kwa shughuli gani. Thamani ya bima ni gharama ya kupata kitu kingine kama hicho dukani, nayo huwa juu. Thamani ya soko ni kile ambacho mnunuzi na muuzaji wasioshurutishwa wangekubaliana. Kwa kodi ya Marekani, msingi wa mali iliyorithiwa, yaani kiasi ambacho faida ya mauzo huhesabiwa kutoka kwacho, kwa kawaida ni thamani ya soko siku mwenye mali alipofariki, kwa hiyo tathmini ya maandishi ya wakati huo itamfaa mrithi atakapouza.

REHEMA: Wengine hutazama tu bei zilizowekwa mtandaoni.

SALIM: Hizo ni bei ambazo wauzaji wanaziomba tu. Atafute matokeo ya minada, yaani vitu vilivyouzwa kweli, kisha akumbuke kuondoa kamisheni. Ajiandae pia kwa habari chungu: bei za samani nyingi za kale za kawaida zimeshuka sana tangu mwanzoni mwa karne hii.

REHEMA: Na mthamini achaguliwe vipi?

SALIM: Awe analipwa kwa saa au kwa kazi, kamwe si kwa asilimia ya thamani anayoitaja. Na akishatoa tathmini, kisha akaomba yeye mwenyewe alinunue kabati hilo, mrithi atafute mthamini mwingine kabla ya kujibu.